Nyonga ya Kushoto, Nyonga ya Kulia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mkurugenzi wa taasisi hii. Daktari, mkuu wa maabara ya picha za mifupa. Walimu, wanafunzi na wafanyakazi wote. Ndugu wageni waalikwa. Mdogo wangu mstaafu, uliyekaa hapo mbele ukijifanya hunijui. Na wewe Dada Mkubwa, uliyekaa mstari wa mwisho karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitali: habari zenu za mchana.

Kama nimekosea mpangilio, mnisamehe. Mshereheshaji alinielekeza vizuri nianze na nani na nimalizie na nani, nikaitikia kwa kichwa, na nilipofika hapa mbele yote yamepeperuka. Ameniambia pia nisizidishe muda. Hilo nalo sijui kama nitaliweza.

Niseme ukweli kabla sijaenda mbali. Sielewi vizuri kwa nini mimi ndiye niliyesimama hapa. Mimi ni fundi cherehani. Waliotangulia wamezungumza maneno mazito, wamesema mstaafu wetu ametoa mchango usiopimika katika uchunguzi wa muundo wa ndani wa mifupa kwa picha za eksirei zenye uwezo wa kuona vitu vidogo kuliko unywele. Nimepiga makofi kama ninyi. Lakini nilikuwa natazama huku na huku nikijiuliza, huyo anayesifiwa ni nani? Maana mimi huyu mtu namjua kwa jina la Furushi.

Wanafunzi, msicheke. Au chekeni, ndilo jina lake la nyumbani na hana pa kulificha. Nitawaeleza lilikotoka, kwa sababu bila furushi hakuna hotuba, na bila furushi hakuna ule ugomvi ambao nusu ya ukumbi huu mnaujua na mnajifanya hamuujui.

Mdogo wetu alizaliwa na miguu isiyombeba. Mama alikuwa na mgongo mbovu, baba kazi yake ilikuwa ya kusafiri, na kiti cha magurudumu tulikiona kwenye picha za vitabu tu. Shule ilikuwa mbali. Basi tukambeba, mimi na Dada Mkubwa. Dada anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo alimweka kwenye nyonga ya kulia ili mkono wake wa kazi ubaki huru kushika mikoba. Mimi natumia wa kulia, nikamweka nyonga ya kushoto. Dada alimtoa nyumbani hadi kona ya duka la vioo, pale nikampokea mimi hadi darasani. Jioni tukageuza. Watu wa ile barabara wakawa wanatuuliza, "Leo mmefunga nini kwenye hilo furushi?" Na lenyewe linajibu, "Mfalme!"

Ndugu wageni waalikwa, mmewahi kumbeba mfalme anayekupiga kisigino ubavuni akitaka uongeze mwendo? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Alikua, na sisi tukakua naye nyongani. Hakuwa mwepesi hata siku moja, ingawa naona anatikisa kichwa pale. Siku alipoanza kazi katika jengo hili alikuwa tayari na kiti, lakini jengo lilikuwa na ngazi, huu mteremko wa saruji mnaoupita leo haukuwepo. Basi Dada akamshusha kitini, akampandisha nusu ya ngazi, nikampokea nikamalizia. Mwanamume mzima, amevaa tai. Mlinzi wa getini alibaki ameduwaa. Furushi akamwambia, "Usishangae, bwana. Nina usafiri wa mitambo miwili."

Nawaomba mlishike jambo moja, maana nitalirudia. Miaka yote ile hatukuwahi kumbeba pamoja. Alikuwa kwa Dada au alikuwa kwangu. Pale kwenye kona tulipokezana, mmoja akanyoosha mgongo, mwingine akaondoka naye.

Sasa uzee umekuja, na nyonga ndiyo zimetangulia kuzeeka. Ya Dada ilianza. Ilisagika mpaka usiku hapati usingizi, wakampasua, wakatoa kile kichwa cha fupa la paja, kile kinachozunguka ndani ya nyonga, wakaweka cha chuma. Cha kulia. Dada alikataa kumpa mtu yeyote mfupa wake, akaomba arudishiwe. Akapewa ndani ya kopo, akaenda akauzika nyuma ya nyumba yake, akasema mtu akifa anatakiwa awe na viungo vyake karibu. Sikumbishia. Mambo ya mtu na mfupa wake mimi siyaingilii.

Haikupita muda mrefu, nikafuata mimi. Hospitali ileile, daktari yuleyule, cha kushoto. Furushi akanijia akaniuliza, kwa aibu kidogo, kama ningekubali mfupa wangu uje hapa kwenye mashine yake. Karibu anastaafu, na maisha yake yote amepiga picha mifupa ya watu asiowajua. Nikamwambia chukua, ulishaumaliza tangu ukiwa mdogo.

Aliuandaa, akauweka kwenye mashine, kisha akatuita mimi na Dada tuje tutazame. Ile siku ndiyo nataka kuisema, maana mpaka leo nikiikumbuka kichwa kinazunguka.

Wengi wenu mnakijua kile chumba. Mlango mzito, taa nyekundu juu yake, na mashine yenyewe kama friji kubwa la duka, ina kidirisha cha kioo kizito. Mfupa unakaa ndani ya mrija wa plastiki, umezungushiwa sifongo ili usitikisike, kwa sababu ukitikisika hata kidogo picha inaingia ukungu. Unazungushwa taratibu, na mashine inapiga, inazungusha, inapiga. Furushi hataki watu waongee kwa sauti mle ndani. Daktari ananiambia sauti haina madhara yoyote, ni tabia ya Furushi tu, lakini tangu aanze kazi hata wakurugenzi wamekuwa wakinong'ona.

Akatufungulia picha kwenye kompyuta. Mimi nilidhani mfupa ni kitu kimoja kigumu ndani na nje, kama jiwe. Sivyo. Nje kuna ganda, na ndani ni vijiti, vijiti vyembamba maelfu kwa maelfu, vimeshikana, vimeegemeana, kama kenchi za paa. Na havikukaa ovyo. Vinapanda kwa mstari, vinapinda, vinakutana pale uzito wa mtu unapotua. Furushi akanong'ona, "Dada, mfupa hujijenga. Ukiulemea upande fulani, unaongeza nguzo upande huo. Usipoutumia, unaziondoa." Akatuonyesha mahali ambapo vijiti ni vinene kuliko kawaida ya mwanamke wa umri wangu.

Jamani, machozi yalinitoka. Nikamuuliza, "Hapo ni wewe?"

Mnajua alinijibu nini? Akasema, "Siwezi kusema. Inawezekana ni mimi. Inawezekana ni ndoo za maji, au cherehani, au ulizaliwa hivyo. Mfupa hauandiki jina la mzigo, Dada."

Iliniuma, nisifiche. Mtu umembeba utoto wake wote, halafu anashindwa kukudanganya kidogo tu akufurahishe! Nilimwona hana shukrani. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimeona kwa macho yangu ile kazi mnayoisifu leo. Anayeweza kumwambia dada yake "siwezi kusema," huyo hata picha zake unaweza kuziamini.

Kuziamini, nimesema. Na papo hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Daktari aliingia kutusalimia. Akainama kwenye skrini, akatazama zile kenchi zinavyoegemea, akasema kwa furaha kabisa, "Mfupa mzuri sana huu. Wa kulia, siyo?"

Mimi nilipasuliwa kushoto. Nikamtazama Furushi, Furushi akatazama skrini, na Dada Mkubwa akasimama polepole na mkongojo wake akasema, "Wa kulia ni wangu."

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akauliza, "Basi mimi nimezika mfupa wa nani?"

Ndugu zangu, hilo swali mngelijibu vipi? Tulisema hospitali waliandika kushoto. Dada akasema makopo hubadilishwa, watu ni watu. Tukautoa mfupa wenyewe tuutazame. Mmeuona mfupa uliokatwa kwa msumeno pale shingoni? Ni bonge la mviringo, kama kitunguu kikubwa, na kwa macho yangu mimi huwezi kujua ulitoka mguu upi. Daktari mwenyewe aliugeuza mara kadhaa akasema angependelea picha. Na picha inasema kulia! Dada akamtazama Furushi, akamwambia, "Nilikataa kuutoa mfupa wangu. Wewe umeupata hivyohivyo." Akaondoka.

Kuanzia siku ile nyumba yetu ikawa haina mbele wala nyuma. Kwa Dada kuna ngazi mbili mlangoni, na siku zote ana ubao anaoulaza pale Furushi akija, ili kiti kipande. Furushi alikwenda, akabisha hodi, Dada akafungua mlango, akamtazama, na ubao hakuulaza. Mtu akakaa uani kwenye kiti chake, akageuza, akarudi. Mimi nilikuwa naye. Sikujua niende ndani au nibaki nje, nikasimama katikati kama mzigo uliosahaulika stendi. Na ndani yangu, niseme wazi, nilikuwa simwamini mtu. Asubuhi nilikuwa upande wa Dada, mchana upande wa Furushi, jioni nashuku hospitali. Nilikuwa nikishika nyonga yangu najiuliza, yale machozi nililia juu ya mfupa wa nani? Vile vijiti vinene, kama ni Furushi kweli, ni Furushi wa upande wangu au wa upande wa Dada?

Aliyefumbua fumbo ni mstaafu wetu, na alilifumbua kwa skrubu. Skrubu ya kawaida, ya mlangoni. Alikwenda akaing'oa kwenye bawaba ya kabati lake, akaifunga kwenye sifongo, akaiweka ndani ya mashine ile ya thamani, akaipiga picha kama mfupa wa mgonjwa. Skrubu ya kawaida huingia ukizungusha kulia, hata mimi wa cherehani najua. Kwenye skrini, nyuzi za ile skrubu zilikuwa zimezunguka kushoto.

Hebu niwaeleze kama alivyonieleza, na Daktari anisahihishe nikipotoka. Mashine haipigi mfupa mzima kwa mara moja. Inaukata slesi, kama mkate, bila kisu, halafu kompyuta inazipanga slesi upya. Mashine ya zamani ilianza kuhesabu slesi kutoka juu. Hii mpya inaanza chini. Furushi akazipanga kama alivyozoea, slesi ya mwisho ikawa ya kwanza, na mkate ukatoka umegeuka kama sura yako kwenye kioo. Kila kitu kipo mahali pake, ila kushoto kumekuwa kulia. Hapo nilielewa, au nilielewa kidogo, kwa sababu kila fundi nguo amewahi kukata mikono miwili ya shati akasahau kugeuza kitambaa, akabaki na mikono miwili ya upande mmoja. Ukiishika mezani huoni kosa lolote. Kosa linaonekana mteja akiivaa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapomsifu, na nikishamsifu sirudii tena. Alikuwa anakaribia kustaafu. Kadi za sherehe hii zilikuwa zimeshasambazwa. Ile skrubu hakuna aliyeiona ila yeye. Angeweza kuirudisha kwenye kabati, akageuza mfupa wangu peke yake, akamfuata Dada akamwambia "tazama, ni wa kushoto," akaondoka na heshima zake. Lakini mifupa yote iliyopigwa tangu mashine mpya ifungwe ilikuwa imegeuka. Wanafunzi walikuwa wameandika kulia ni hivi na kushoto ni vile. Akaenda kwa Daktari, akaomba wote waitwe, akaiweka skrubu mezani akasema, "Kosa ni langu, nililifanya kwa mazoea, na liko kwenye kazi zenu zote." Kuna vijana humu waliorudia kazi upya. Nawaona. Kuna mmoja pale ambaye bado amenuna kidogo, na ana haki yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, ninyi hamkuumbuliwa, kwa sababu huyu mtu hakuficha. Kuteleza si kuanguka, Furushi.

Mtasema basi yameisha, dada zake wakafurahi. Hayakuisha. Nilimpelekea Dada habari, nikamweleza mkate, nikamweleza mikono ya shati. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Skrubu haijawahi kubeba mtu." Akaniambia atakuja leo, mbele ya wakubwa wote, adai mfupa wake. Ndiyo maana ana mkoba. Dada, usiudhike nikiyasema, nimeshindwa kuwa na siri na wewe umekaa mbali hivyo.

Na mimi sina cha kukuthibitishia. Sielewi mashine. Sielewi kwa nini mfupa niliotoka nao tumboni mwa mama unahitaji skrubu ya kabati kuusemea. Wataalamu wananiambia ni wangu, naamini, halafu nalala, naamka na mashaka. Labda nitaishi nayo hivyo. Nimekuja hapa leo nikidhani nitapata maneno ya kukufanya ukubali, na sasa niko mwishoni mwa hotuba na sijayapata.

Nina hili tu. Pale mezani, chini ya kitambaa, kuna zawadi ya wafanyakazi kwa Furushi. Ni picha kubwa ya ule mfupa, kwenye fremu. Daktari aliniambia pembeni, kwa wasiwasi, kwamba waliichapisha kabla ya mambo ya skrubu, kwa hiyo ni ile iliyogeuka, na kwamba watachapisha nyingine iliyo sahihi. Daktari, naomba hiyo msiitupe. Ni mfupa wangu umekaa kwa sura ya upande wa Dada. Chapisheni hiyo nyingine, ya kushoto, mziweke pamoja, moja huku na moja huku, kama mtu mwenye nyonga mbili. Kwa sababu huyu mstaafu mnayemuaga hakubebwa na nyonga moja, na ningekuwa mwizi kama ningekubali picha yangu ikae ukutani peke yake.

Dada Mkubwa. Kama vile vijiti vinene ni Furushi kweli, basi na ulichokizika nyuma ya nyumba kina vijiti vinene vilevile. Hakuna mashine iliyokipiga picha, na hakihitaji. Mimi nilikuwa kwenye kona. Nilikuona ukija.

Ndugu wageni waalikwa, nakaribia kumaliza kweli. Hapa pana desturi kwamba mstaafu akiagwa, anasindikizwa na watu wake kutoka ukumbini hadi getini, na wafanyakazi wanajipanga pande mbili. Jana nilimuuliza Furushi nani atamsukuma. Nilidhani atataja mmoja wa vijana hawa, maana mimi na Dada tumekatazwa na daktari aliyetupasua kubeba hata gunia la pamba. Hakutaja mtu. Alisema tu, "Kiti kina vishikio viwili, Dada."

Basi ndiyo hayo. Dada, njoo. Njoo ushike cha kulia, mimi nitashika cha kushoto. Leo hakuna anayemngoja mwenzake kwenye kona. Na kama tukifika getini bado unaudai mfupa wako, utaudai hapo, na mimi nitasimama na wewe, ingawa sijui nitasimama upande gani.

Naomba mstari wa nyuma mmpishe kidogo. Mkongojo wake... ahsante kijana. Na mkoba, Dada? Sawa, uache hapo chini ya kiti, hakuna atakayeugusa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakushukuru. Daktari, nakushukuru wewe na wenzako kwa kumtunza mzigo wetu muda wote huu na kutuachia heshima yake. Na ninyi nyote mlionivumilia bila kunielewa, kama na mimi nisivyojielewa, asanteni kwa masikio yenu.

Furushi, tumeshika. Achia breki.